Mchukuzi si mzigo: APOE, mafuta ya ubongo na wazee wetu wanaosahau

Sauti ilikuwa ya mwanamume anayejiamini, dakika nne na ushee. Ilipita kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mtwara, kuanzia la msikitini hadi la wakulima wa korosho, na kila aliyeituma alijitetea mapema: "Nami nimetumiwa tu." Ilisema wataalamu wamegundua protini inayobeba mafuta na kuyapeleka kichwani, kwamba hiyo ndiyo inayowapotezea wazee kumbukumbu, na kwamba kinga yake ni kuacha nazi, korosho na samaki wa mafuta. Yaani tuache kuwa watu wa kusini.

Kesho yake asubuhi, mama anayetuuzia vitumbua Chikongola alinisubiri nimalize chai.

"Kaka, wewe unayesomasoma," akasema, "wali wa nazi nao tuuache?"

Nilibabaisha kama mtu aliyedaiwa mbele za watu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Ubaya wa sauti ile ni kwamba haikuwa uongo mtupu. Uongo mtupu hauna kazi kuukataa. Hii ilikuwa kama korosho mbichi: punje ipo ndani, ila ukiing'ata pamoja na ganda lake unaungua midomo. Protini yenyewe ipo kweli. Inaitwa apolipoprotini E, kwa kifupi APOE. Ni kweli inabeba mafuta, na ni kweli ina uhusiano na ugonjwa wa Alzheimer. Kati ya jeni zinazojulikana kuongeza uwezekano wa Alzheimer ya uzeeni, jeni yake ndiyo yenye uzito kuliko zote. Palipoharibika ni hapo katikati: msemaji alimchanganya mchukuzi na mzigo, akauchanganya mzigo na chakula cha sahani, kisha akaigeuza jeni kuwa hukumu.

Maneno matatu kabla hatujaenda mbali

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali: kumbukumbu, kufikiri na uwezo wa kujihudumia vinashuka hadi maisha ya kila siku yanavurugika. Ni kama tunavyosema "homa". Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kitu kingine kabisa, na hata demensia ina visababishi vingi. Alzheimer ndiyo inayoongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo presha ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Ipo ya miili ya Lewy, yaani vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo, ipo inayofuata nyuma ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka.

Jeni ni maelekezo ya mapishi ambayo mwili unayafuata kutengeneza protini. Na protini hapa msiifikirie kama maharage na dagaa. Ni vifaa vidogo mno ambavyo mwili unajitengenezea, kila kimoja na kazi yake: hiki kinabeba, hiki kinakata, hiki kinafungua mlango.

Neno la tatu ni kusahau kwenyewe. Kusahau bei ya salfa ya kupulizia mikorosho ya msimu wa juzi si ugonjwa, kila mtu anasahau. Mjomba wangu wa Naliendele alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi kwa miaka mingi, mtu ambaye wakulima walikuwa hawathubutu kumdanganya hata kilo moja. Siku moja alikuja nyumbani, akayaona magunia matano yameegemezwa ukutani. Akayahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika 5 kwenye kiganja. Akageuka kuniuliza habari za watoto. Alipogeuka tena akayaona magunia, akayahesabu upya, akaandika 5. Alipofika mara ya nne kiganja kilikuwa na tano nne zimepangana, na hakushangaa zimetoka wapi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Somo la tui

Sasa twende jikoni, maana pale ndipo APOE inapoeleweka. Kuna nazi kwenye mbuzi, mwagia maji ya vuguvugu, kamua kwa kifumbu. Chicha hubaki, tui hushuka. Tui lile ni maji na mafuta, vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Mbona basi havijitengi papo hapo? Kwa sababu nazi ina protini zake, na protini hizo hukivaa kila kitone cha mafuta kama koti. Upande mmoja wa koti hupatana na mafuta, upande wa pili hupatana na maji. Ukiliacha tui likachemka kwa nguvu bila kukoroga, moto unaziharibu protini zile, makoti yanatoka na tui linakatika. Aliyewahi kupika pweza wa nazi huku anapiga soga anaijua aibu hiyo.

Mwili una tatizo hilo hilo. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta lazima yasafiri ndani yake. Kwa hiyo ini na utumbo huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo vilivyovishwa protini. APOE ni mojawapo ya protini hizo. Ni koti, na tena ni kama kitambulisho: seli zinazohitaji mafuta zina vipokezi, yaani milango inayomtambua mchukuzi kwa sura yake, ikamfungulia na kuupokea mzigo.

Hadi hapo tuko kwenye damu. Kuhusu ubongo, sauti ya WhatsApp ilikosea kwa namna ambayo ingemfurahisha mama wa vitumbua.

Ubongo umezungushiwa uzio. Kuta za mishipa midogo ya damu kichwani zimeshikana sana hivi kwamba vitu vingi vya damuni havipiti, na kolesteroli ya chakula ni mojawapo ya visivyopita. Lakini ubongo ni mlaji mkubwa wa kolesteroli kupita kiasi. Una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, na unamiliki karibu asilimia 20 ya kolesteroli yote mwilini. Hujitengenezea mwenyewe humo humo ndani. Wali wa nazi uliokula Ijumaa hauendi kuganda kichwani, uzio haufunguki kwa ajili yake.

Hapo sina maana ya kusema tumwage tui kwenye kila sufuria. Kolesteroli mbaya ikizidi damuni huziba mishipa, pamoja na ile inayoupelekea ubongo damu, na mwaka 2024 jopo la jarida la tiba The Lancet liliiweka kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa demensia na ambayo yanaweza kupunguzwa. Madhara hayo lakini huja kupitia mabomba ya damu, njia tofauti kabisa na ile iliyohubiriwa kwenye simu.

Ndani ya uzio kazi inakwenda hivi. Seli za neva ndizo zinazofikiri na kukumbuka. Pembeni yao kuna seli za huduma zenye umbo kama la nyota, zinaitwa astrosaiti. Astrosaiti hutengeneza kolesteroli, huipakia kwenye APOE, huiachia. Mchukuzi anafika kwenye seli ya neva, anafunguliwa, mzigo unashushwa. Mafuta hayo ndiyo yanayojenga kuta za seli, ndiyo yanayotengeneza maungio ambapo seli moja huongea na mwenzake, na ndiyo yanayofunika nyuzi za neva kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Kumbukumbu mpya ikihifadhiwa, kuna mafuta yamesafiri. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mafuta ni adui wa ubongo" nakosa pa kuanzia.

Mchukuzi harudi mikono mitupu. APOE husaidia pia kuondoa taka, na taka moja ina jina: amiloidi. Ni vipande vya protini ambavyo ubongo wa kila mtu huvitoa. Visipoondolewa hugandana katikati ya seli. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliviona kwa darubini mwaka 1906, katika ubongo wa mwanamke wa Frankfurt aliyeanza kuumwa akiwa na umri wa miaka 50 na kitu. Aliona pia nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe, ambazo leo tunajua ni protini iitwayo tau. Na aliona kitu cha tatu, ambacho dunia ilikisahau kwa miongo mingi, jambo la ajabu kwa ugonjwa wa kusahau: seli za huduma zilizojaa mafuta.

Mchukuzi mmoja, sura tatu

APOE ni mnyororo wa asidi amino 299. Ufikirie kama neno refu la herufi 299. Watu wengi duniani wanaliandika namna moja, inayoitwa E3. Wengine wana tofauti kwenye nafasi ya 112 au ya 158, na hapo tunapata E2 na E4. Herufi moja tu. Lakini sisi tunajua herufi moja inavyofanya: "paka" na "pata" havina undugu wowote, na protini nayo ikibadilishwa herufi hujikunja umbo jingine.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba. Unaweza kuwa na E3 mbili, au E3 na E4, au E4 mbili, na kadhalika. Kwa hiyo mtu asikuambie "fulani ana APOE" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mmoja wetu anayo. Swali ni ya aina gani.

E4 ndiyo inayoongeza uwezekano wa Alzheimer. E2 hupunguza. E3 ndiyo kipimo cha katikati.

Ufunuo huo ulikuja mwaka 1993 kutoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Warren Strittmatter alikuwa akitafuta protini zinazoshikamana na amiloidi, na protini moja ikawa inajitokeza kila mara. Ilikuwa APOE, ambayo wakati ule ilikuwa inajulikana zaidi kwa watu wa moyo na kolesteroli. Mkuu wake, Allen Roses, akaona jambo ambalo wengi hawakutaka kuliona: jeni ya APOE iko kwenye kromosomu ya 19, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, eneo lile lile ambalo kundi lake lilikuwa limeshalishuku katika familia zenye Alzheimer ya uzeeni. Wakapima wagonjwa. E4 ilikuwa imejaa. Wenzao wengi walichelewa kuwaamini, kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye amiloidi, na protini ya mafuta ya damu ilionekana mgeni asiyealikwa.

E4 inafanya nini hasa

Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar pale Somanga, sote tulijifunza usafirishaji bila kuingia darasani. Bidhaa hazikuwa na kasoro. Malori hayakuwa na kasoro. Ila upande mmoja mizigo ilirundikana na upande mwingine watu wakaisubiri, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo kilichorundikana kilivyoanza kuoza.

Mfano huu una kilema, maana E4 si barabara iliyokatika. Ni mchukuzi anayefanya kazi, ila anabeba kidogo, na mwenyewe huharibika haraka kuliko E3. Matokeo lakini yanafanana. Seli za neva hupata mafuta pungufu. Kule yanakotengenezwa, mafuta hurundikana ndani ya astrosaiti na ndani ya mikroglia, ambazo ni seli za kufagia na kulinda ubongo. Mfagiaji aliyebebeshwa ndoo za mafuta hafagii. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mikroglia za namna hiyo, zimevimba kwa vitone vya mafuta, katika bongo za waliokufa na Alzheimer, na zaidi kwa wenye E4 mbili. Kile kitu cha tatu alichokiona Alzheimer kikarudi mezani baada ya zaidi ya miaka 100.

Pamoja na hilo, E4 huondoa amiloidi polepole, hivyo taka hukusanyika mapema. Uzio wa ubongo nao hulegea na kuanza kuvuja. Na kuna habari ya panya iliyowashangaza wengi mwaka 2017: panya waliowekewa tau mbovu pamoja na E4 ya binadamu walipoteza ubongo mwingi, lakini wale waliotolewa APOE kabisa walisalimika kwa kiasi kikubwa. Yaani katika ajali hiyo, kukosa mchukuzi kulikuwa afadhali kuliko kuwa na huyu. Mwaka 2014 Marekani kuliripotiwa mtu wa miaka 40 aliyezaliwa bila APOE inayofanya kazi; kolesteroli yake ya damu ilikuwa juu mno, ila akili yake haikuonyesha hitilafu. Sijui mtu yeyote anayeweza kuyasikia haya mawili bila kukuna kichwa. Wapo wanasayansi wanaoyatumia kujenga hoja kwamba E4 haikosi kazi tu, inaongeza madhara.

Katika magonjwa mengine ya ubongo mkono wa E4 hauko sawa. Kwenye demensia ya miili ya Lewy upo wazi. Kwenye Parkinson haionekani kuwa ndiyo inayoleta kutetemeka, ila wenye E4 wakishapata Parkinson huelekea kupoteza kumbukumbu mapema zaidi. Na mabondia waliopigwa ngumi za kichwa miaka mingi, wenye E4 huonekana kuathirika zaidi.

Uwezekano si hukumu, na hesabu za Ulaya si zetu moja kwa moja

Hapa ndipo watu wanapotishwa bure. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, nakala moja ya E4 huongeza uwezekano wa Alzheimer takriban mara 3, na mbili huongeza mara 8 hadi 12. Nakala mbili si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa kati ya wenye E4 mbili, karibu wote walikuwa na dalili za amiloidi kwenye vipimo walipofika miaka 65. Lakini kuwa na amiloidi si sawa na kuwa mgonjwa, na wapo wanaofika uzee mkubwa na nakala moja bila kusahau majina ya wajukuu. Kinyume chake pia kipo: wagonjwa wengi wa Alzheimer hawana E4 hata moja.

Anayepanda bodaboda bila helmeti ameongeza hatari yake. Hakuna anayemchimbia kaburi asubuhi hiyo.

Halafu kuna suala la Afrika. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 walitoa hesabu: kila mwaka demensia mpya iliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 3.24 ya wale wa Indianapolis. E4 ilikuwapo kote kote. Ila Ibadan nakala moja haikuonekana kuongeza hatari. Nakala mbili ndizo zilizoonyesha athari, tena ndogo kuliko ile ya Wazungu. Uchunguzi wa baadaye wa vinasaba ulitoa sehemu ya maelezo. Jeni haikai peke yake, ina majirani, na kipande cha asili ya Afrika kinachoizunguka E4 huifanya izalishwe kwa kiwango cha chini. Kelele zimepunguzwa sauti, ingawa wimbo ni ule ule.

Nigeria si Nachingwea. Lakini inatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuchukua namba ya "mara 12" na kuibandika kwenye paji la uso la mmakonde.

Hata wenye ujuzi wote wanaiogopa jeni hii kuliko wanavyokiri. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alikubali ramani yake yote ya vinasaba ichapishwe mwaka 2007, isipokuwa sehemu moja. Aliomba APOE yake ifichwe, hata yeye mwenyewe asiijue.

Upande wa pili wa sarafu uko Colombia. Katika milima ya Antioquia kuna ukoo mkubwa wenye jeni nyingine kabisa, inayoleta Alzheimer watu wakiwa na miaka 40 na kitu. Daktari Francisco Lopera aliwafuata kwa miongo kadhaa. Mwanamke mmoja wa ukoo ule alikuwa na jeni hiyo mbaya na ubongo uliojaa amiloidi, lakini akaendelea na maisha yake hadi miaka ya 70 ndipo akaanza kusahau. Habari yake ilitolewa 2019: alikuwa na nakala mbili za APOE adimu, iliyopewa jina la mji wa Christchurch, New Zealand. Herufi moja pia, nafasi nyingine. Ikabadilisha miaka 30 ya maisha ya mtu. Tangu hapo maabara nyingi zinajaribu kuiga mabadiliko hayo kwa dawa.

Unaweza kuuliza kwa nini E4 haijafutika ikiwa ni mbaya hivyo. Kwanza ugonjwa huja uzeeni, mtu ameshazaa na kulea. Pili, yawezekana si mbaya kila mahali. Huko Bolivia, kati ya Watsimane wanaoishi msituni, wenye E4 na minyoo mingi walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao wenye minyoo wasio na E4. Kaskazini mashariki mwa Brazil, watoto waliosumbuliwa na kuhara mara kwa mara lakini wana E4 walikua na akili timamu zaidi. Mchukuzi huyu huenda alifaa zamani ambapo watu walikufa kwa vidonda na kuhara, na anatusumbua sasa tunapoishi mpaka miaka 80.

Kurogwa, uzee tu, na kijiko cha mafuta ya nazi

Mjomba alipoanza kupotea njia ya shambani, shangazi mmoja alisema wazi kwamba kuna mtu amemchezea, kwa sababu ya yale mashamba ya mikorosho yenye mgogoro. Sikumkejeli. Ugonjwa unaombadilisha mtu tabia bila homa wala kidonda unajieleza kwa shida, na watu hutafuta maelezo palipo na ugomvi. Nilichomwambia ni kwamba sura ya ugonjwa huu ni ile ile Lindi, Tokyo na Frankfurt, na huko kwingine hawagombei mikorosho.

Kituo cha kwanza tulikompeleka, ambacho sina haja ya kukitaja, hawakumgusa. "Ni uzee tu," wakasema, tukarudi. Hiyo nayo ni imani potofu, yenye koti jeupe. Watafiti walipowapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wenye miaka 70 na kuendelea, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalikuwa asilimia 6.4 wenye demensia. Maana yake zaidi ya 93 katika kila 100 hawakuwa nayo. Kama ni uzee tu, mbona hao wengine wamesalimika?

Kituo cha pili muuguzi alimfunga mkanda wa presha kabla hajauliza jina. 190 kwa 110. Kisha akamchungulia masikioni, akaagiza asafishwe. Nta iliyotoka nisingependa kuieleza kwa watu wanaokula. Mjomba hakupona kwa hilo. Lakini nusu ya yale tuliyodhani ameyasahau, kumbe hakuyasikia kabisa. Presha na kupungua kwa usikivu vyote vimo kwenye ile orodha ya mambo 14, pamoja na kisukari, sigara, pombe ya kupindukia, sononi, upweke, kutoona vizuri, kuumia kichwa. Jopo lile linakadiria kuwa yote yakishughulikiwa tangu utotoni, karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwetu kuumia kichwa kuna majina ya karibu: bodaboda na mnazi. Na pombe ya kupindukia kila mtu aliyewahi kukaa kijijini msimu wa mabibo anaijua inavyonukia.

Vipo pia vitu vinavyofanana na demensia na vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, maambukizi, mchanganyiko wa dawa nyingi. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku mbili tatu, hiyo kwa kawaida si Alzheimer, ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kundi jingine la WhatsApp linasema kinyume cha lile la kwanza: kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi hurudisha kumbukumbu. Nazi wiki hii sumu, wiki ijayo dawa. Hakuna jaribio kubwa la kitabibu lililothibitisha hilo. Yapakeni mwilini.

Na kipimo cha jeni? Marekani kina sababu mahususi siku hizi. Dawa ya lekanemabu, iliyoidhinishwa huko kikamilifu mwaka 2023, huondoa amiloidi na kuupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi kidogo, lakini huweza kuvimbisha ubongo au kuleta kuvuja kwa damu, na wenye E4 mbili ndio walio hatarini zaidi. Hapo daktari anahitaji kujua. Limefanyika hata jaribio dogo la kuwaingizia wenye E4 mbili jeni ya E2, kama kumpa mchukuzi mzembe msaidizi. Kwa mtu mzima wa Tandahimba asiye na dalili, jibu la kipimo hicho leo halibadilishi atakachoambiwa afanye: pima presha, pima sukari, vaa helmeti, usikae peke yako.

Nilirudi Chikongola wiki iliyofuata nikamweleza mama wa vitumbua yote haya, kwa kifupi kuliko hapa: tui, koti, uzio, mchukuzi. Alisikiliza huku akivigeuza kimoja kimoja kwa ule uma wake mrefu.

"Kwa hiyo halivuki," akasema.

"Halivuki."

Akanichagulia vitatu vya pembeni, vile vilivyokauka ukingo, akavifunga kwenye karatasi. "Mpelekee mjomba. Mwambie vya tui zito, mimi sikuwa nimeacha."